Makumbusho ya watoto huko nje wanafundishaje historia, na sisi Dodoma tuanzie wapi?

Ticha_Ipagala aliuliza:

Mbukwenyi wana jukwaa, na salamu kwa wote hata msio wa Dodoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nina darasa la tatu na la nne, na hili somo la Historia ya Tanzania na Maadili nalipenda kweli kwahiyo jambo ninaloliuliza linanikaa kichwani kila siku.

Tunapowapeleka watoto makumbusho tunajitahidi sana, wazazi wanachanga nauli, tunakodi Kosta, watoto wanakuja sare zimepigwa pasi na chupa za maji shingoni, wakifika wanapangwa mistari, mtu anaongea mbele weee mpaka wa nyuma wanaanza kusukumana, vitu viko nyuma ya kioo, kila baada ya hatua mbili "usiguse hicho", halafu mwisho wanaambiwa wanakili maandishi ya ukutani kwenye daftari. Kesho yake darasani ukiuliza nini kimewakaa wanakutajia soda na nani alikaa dirishani. Na siwalaumu hata kidogo, mtoto wa miaka tisa ukimwambia mwaka 1885 hiyo ni namba tu kama namba za hesabu, kwake enzi za Mjerumani na enzi za bibi yake kuwa msichana zote ni "zamani", basi.

Sasa nasikia kuna nchi zina makumbusho ya watoto kabisa, yaani jengo zima limefikiriwa kwa ajili ya mtoto na historia inafundishwa humo humo. Wenye uzoefu naomba mniambie wanafanyaje hasa, siyo maneno ya jumla jumla, mtoto akiingia anafanya nini na mikono yake. Maana hapa sina jengo wala bajeti, nina chumba kimoja kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, wazazi wenye moyo, na Jumamosi asubuhi. Nataka kuanzisha kitu.

---

Mmvumi_Ughaibuni alijibu:

Mbukwa mwalimu. Mimi kwetu Mvumi ila kwa sasa naishi Indianapolis, Marekani, na bahati nzuri mji huu ndo wenye makumbusho ya watoto makubwa kuliko yote duniani, yalianzishwa 1925. Ya kwanza kabisa lakini si haya, ya kwanza ni ya Brooklyn kule New York, yalifunguliwa 1899, kwahiyo wenzetu wamekuwa wakilifanyia kazi hili wazo kwa zaidi ya miaka mia na mwanzoni hawakuwa na majengo ya ajabu wala nini.

Ngoja nikueleze ukumbi mmoja tu maana ndo unaojibu swali lako. Kuna ukumbi upo tangu 2007 unaosimulia historia ya karne ya ishirini kupitia watoto watatu, si marais si majenerali, watoto. Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha na familia yake wakati wa Hitler, Ruby Bridges, na Ryan White ambaye alikuwa kijana wa hapa hapa Indiana aliyepata virusi vya UKIMWI kupitia dawa iliyotengenezwa kwa damu, shule ikamkataa, akapigania haki ya kusoma mpaka akafariki 1990 akiwa na miaka 18. Baadaye wameongeza na Malala Yousafzai wa Pakistani, yule aliyepigania wasichana wasome. Chumba cha Ryan kipo pale na vitu vyake mwenyewe, mama yake ndo alivitoa, yaani mtoto anaingia anaona kitanda, midoli, mabango ya ukutani, anaona ni chumba cha mtu kama yeye.

Sasa Ruby. Mwaka 1960 mji wa New Orleans mtoto mweusi wa miaka sita anapelekwa shule ya wazungu akisindikizwa na maaskari wa serikali kuu kwasababu nje kuna watu wazima wanampigia kelele. Wazazi wazungu wakawatoa watoto wao, akafundishwa peke yake na mwalimu mmoja mwaka mzima. Pale makumbusho wamejenga darasa la mfano, unaingia unakaa kwenye dawati. Mwanangu alikaa, akageuka nyuma, akageuka kushoto, akaniuliza kwa Kiswahili "baba wenzake wako wapi?" Hakuna aliyemwambia neno ubaguzi mpaka dakika ile. Swali likatoka kwake mwenyewe, ndo mhudumu akaanza kusimulia. Naomba uone mpangilio huo mwalimu, kwetu tunaanza na jibu halafu tunamlazimisha mtoto alikariri, wao wanatengeneza mahali ambapo swali lenyewe linamtoka mtoto.

Kitu cha pili, kule Boston, makumbusho yao ya watoto ni ya 1913, mwaka 1962 walipata mkurugenzi anaitwa Michael Spock, huyo ndo alianza kuondoa vitu kwenye makabati ya vioo na kuwapa watoto mikononi. Wana nyumba nzima kutoka Kyoto, Japani, ya zamani zaidi ya miaka mia, ilibomolewa ikasafirishwa ikajengwa upya ndani ya makumbusho. Mtoto akiingia anavua viatu kama mwenyeji wa Japani anavyofanya. Hicho kitendo tu cha kuvua viatu kimeshamtoa Boston. Na hawa hawa miaka ya sitini walikuwa na masanduku wanayoazimisha shule, ndani kuna vitu halisi na maelekezo ya mwalimu, sanduku linakaa shuleni muda fulani linarudi linaenda shule nyingine. Hilo la sanduku hata kwenye stoo yako linawezekana, tena boda boda moja inalibeba.

---

Ticha_Ipagala:

Aisee hilo la "wenzake wako wapi" limenikaa. Na wazo la sanduku nalichukua. Swali, huko watoto wanaruhusiwa kushika vitu halisi kabisa vya kale au ni vya kuigiza? Maana nikiazima kibuyu cha bibi wa mtu kikapasuka nitajibu nini.

---

Mmvumi_Ughaibuni:

Vyote viwili. Cha pekee kisichopatikana tena kinakaa kwenye kioo, hapo hakuna mjadala. Ila vitu ambavyo vilikuwa vingi kwenye kila nyumba wanatafuta viwili vitatu, kimoja cha kutunza na vingine vya kushikwa mpaka viishe, na vingine wanatengenezesha vipya kwa fundi anayejua. Kwako kinu, mchi, ungo, kibuyu, jembe la mkono, nenda soko la Majengo au Sabasaba nunua kipya kabisa kwa ajili ya mikono, cha bibi weka juu wakiangalie.

---

Mdau_Elimu_Dom:

Samahani naingia na mtazamo tofauti kidogo na nasema kwa nia njema. Nimefundisha sekondari muda mrefu. Hofu yangu na haya mambo ya "kucheza na kushika" ni kwamba mtoto anatwanga kwenye kinu nusu saa, anacheka, anafurahi, anarudi nyumbani. Amejifunza nini cha historia hapo? Amejifunza kutwanga, na wengi wa watoto wa Chamwino na Bahi kutwanga wanakujua kuliko huyo mwalimu wa mjini. Historia ni kwanini na kisha nini, sababu na matokeo. Hata hayo makumbusho ya Ulaya na Marekani nimeona vidio zake, mengine ni uwanja wa michezo wenye lebo ya makumbusho, mtoto anapanda ngazi anateleza, hajui kama yuko karne gani. Kama unaanzisha anzisha ila kila kitu kiwe na swali lake, na swali lihusu kitu kilichobadilika. Kwa mfano kinu. Uliza kwanini mama yako leo anapeleka mahindi mashineni, mashine ilikuja lini mtaani kwenu, na mtama na uwele ambao Wagogo walikula siku zote umeachiaje nafasi mahindi kwenye sahani za mjini. Hapo kinu kimekuwa historia. Bila hivyo ni mazoezi ya viungo.

---

Kolo_Mwongozaji:

Mdau umesema kitu cha maana sana, niongezee kwa upande wangu. Mimi ni Mrangi, nimewahi kuongoza wageni kwenye michoro ya miambani Kolo, wilaya ya Kondoa. Kwa wasiofahamu, Dodoma mpaka Kondoa mjini ni kama kilomita 160, Kolo iko mbele yake barabara ya Babati, na eneo lote lina mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifanya kazi kubwa ya kuinakili michoro ile mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Watu wanapanda ndege kutoka mabara mengine kuja kuiona na mtoto wa Ipagala hajawahi kusikia, hili linaniuma.

Wanafunzi walikuwa wakija kuna waalimu wanataka nianze na hotuba. Nilikuwa nakataa kwa heshima. Nawakalisha chini kwenye kivuli cha mwamba, wanapumzika maana kupanda kule kunachosha, halafu nasema kaeni kimya muangalie mpaka mtu aone kitu. Mwanzo hawaoni, mwamba ni mwekundu wekundu na michoro ni myekundu, macho yanahitaji muda. Kisha mmoja anapiga kelele "twiga!" na hapo ndo shughuli inaanza, kila mtu anatafuta wake, mwingine kaona pofu, mwingine kaona watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa kama wamevaa kitu. Nawauliza hawa wanafanya nini, wanacheza ngoma? wanawinda? kuna mgonjwa hapo? Wanabishana. Na hata wataalamu wanabishana hivyo hivyo, kwahiyo mtoto anakuwa amefanya kazi ya mtaalamu pale pale, hajapewa jibu la kukariri. Baadaye ndo nawaambia kuhusu wawindaji wa zamani, kuhusu ndugu zetu Wasandawe ambao wengi wanawahusisha na michoro ile myekundu, na kwamba ile myeupe mingi ni ya watu waliokuja baadaye.

Kugusa hapana. Mafuta ya kiganja yanaharibu, na kumwagia maji ili picha itoke vizuri kwenye simu kunaharibu zaidi, waambieni watoto kabla hawajashuka kwenye gari. Na pale Mungomi wa Kolo wazee bado wanafanya matambiko kwahiyo watoto waelezwe wapunguze sauti, ni mahali pa watu, siyo kivutio tu.

Ila mikono inataka kazi, sasa kazi yake iwe shuleni. Tafuteni mawe mekundu laini, yako mengi tu, wayasage kwenye jiwe jingine mpaka yawe unga, wachanganye na mafuta kidogo ya mnyama, wachore kwa kidole au kwa kijiti kilichotafunwa ncha kwenye jiwe bapa. Mtoto akishasaga robo saa akapata unga wa kuchora mguu mmoja wa twiga, atakuambia mwenyewe kwamba aliyechora kule juu hakuwa anapoteza muda, alikuwa na jambo zito la kusema.

---

Mama_Neema_Nkuhungu:

Naomba kuuliza na mimi kama mzazi. Kondoa mbali na nauli ya Kosta si mchezo. Hapa hapa mjini kuna nini? Na pia kuhusu miaka, mwanangu ananiuliza "mama ulizaliwa enzi za watumwa?" na mimi nimezaliwa 1988 jamani. Wanaelezewaje huo muda?

---

Kolo_Mwongozaji:

Dada hapo mjini kuna makumbusho ya jiolojia ya wale watu wa utafiti wa madini, watoto wanapenda mawe kuliko watu wazima wanavyodhani. Na jengo la stesheni ya reli lenyewe, mitaa ya zamani, vyote ni historia. Ukipata safari ya Dar usikose Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kuna nyumba za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, unainama unaingia ndani, mtoto anapima na mwili wake.

Kuhusu miaka tumia miguu. Uwanja wa shule, hatua moja ndefu ni miaka kumi. Anza ukutani, ukuta ndo leo. Hatua tano na kidogo unafika 1973, mwaka ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Sita na nusu uko 1961, Uhuru. Kumi na moja na nusu hivi ni 1910 reli ya Mjerumani inafika Dodoma. Karibu kumi na saba unakutana na Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, wanapita Ugogo 1857 kwenye njia ya misafara. Kila kituo mtoto mmoja abaki amesimama na kitu mkononi, kipande cha chuma, bendera, shanga. Wewe mama Neema simama kwenye hatua ya tatu na nusu hivi, mtoto wako aone uko karibu na ukuta kiasi gani na misafara ya watumwa iko mbali kiasi gani. Halafu waambie twendeni kwenye michoro ya Kolo. UNESCO wanasema michoro ile imechorwa kwa muda usiopungua miaka elfu mbili, hizo ni hatua mia mbili, mtatoka nje ya geti, mtapita kwa muuza mihogo, mtavuka barabara (muwe na watu wa kuwavusha). Watoto wakigeuka nyuma kumtafuta mwenye bendera hawamuoni tena. Hapo "zamani" inaacha kuwa kitu kimoja.

---

Mama_Neema_Nkuhungu:

Nimeelewa hadi mimi mwenyewe. Ahsante sana kaka.

---

Mzee_wa_Reli_ya_Kati:

Habari za humu vijana wangu. Mimi nimestaafu, nimefanya kazi reli ya kati vituo kadhaa kuanzia Gulwe huku mpaka Manyoni na Tabora. Mwalimu hujasema kitu kuhusu reli na huu mji bila reli ungekuwa kijiji kama vingine. Mjerumani alianza Dar 1905, akafika Morogoro 1907, hapa 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914 vita navyo hivyo vinaanza. Leo watoto wanaona hii ya umeme tangu 2024, wanafika Dar saa chache wanadhani treni ndo imezaliwa.

Nina taa yangu ya ishara ya zamani, ile ya mafuta ya taa. Ni ya bati zito, ina mpini juu, ndani kuna utambi, na kuna vioo vya rangi, ukizungusha kichwa chake mwanga unakuwa mwekundu, ukizungusha tena wa kijani, tena mweupe. Mjukuu wangu nilimpa nikafunga madirisha chumba kikawa giza, nikamwambia mimi ni dereva wa treni nipo mbali, hunioni usoni unaona mwanga tu na mimi naona mwanga wako tu, kuna ng'ombe wa Wagogo wamelala relini, niokoe. Yule mtoto alishika taa kwa mikono miwili akawa anazungusha anatafuta nyekundu huku anatetemeka. Alivyoipata nikasimama. Hajasahau mpaka leo, kila mgeni akija anamueleza kwanini nyekundu, kwanini usiku mlinzi wa reli hakutakiwa kulala, na ameanza kuniuliza mshahara ulikuwaje na kwanini wafanyakazi wa reli enzi za mkoloni walikuwa wanagoma. Hilo la kugoma sikumfundisha, alilisikia nikiongea na wenzangu akalifuata mwenyewe.

Tuiteni sisi wazee. Hatudai posho. Tunakaa nyumbani tunaangalia taarifa ya habari.

---

Ticha_Ipagala:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hii mara mbili. Nakuomba sana uje, na taa uje nayo ila itabaki mikononi mwako na mtoto mmoja mmoja, haitazunguka darasani.

---

Binti_Kongwa:

Jamani msisahau Kongwa, maana sisi tuna historia ambayo dunia nzima iliandika magazetini. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga, walipanga ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, wakaleta matrekta na mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kufikia 1951 wameacha, zimeenda pauni milioni 36 hivi. Mababu zetu walikuwa wanaangalia tu.

Mimi nafundisha watoto wa Jumapili kanisani na niliwahi kufanya nao hili jaribio, mwalimu lichukue bure kabisa. Makopo mawili. Moja udongo wa kichanga, jingine udongo wetu wa mfinyanzi wa Kongwa. Panda karanga kote, mwagilia vizuri, zinaota zote, watoto wanafurahi. Karanga ikishatoa ua inashusha kama kijiti kuingia ardhini, tunda linakomaa chini, hiyo watoto hawaijui wengi wanadhani zinaning'inia. Zikikaribia kukomaa acha kumwagilia kama kiangazi chetu kinavyoacha. Halafu waambie vuneni kwa vidole. Kopo la kichanga unavuta tu zinakuja. Kopo la mfinyanzi limekuwa tofali, mtoto anakwangua kucha zinauma, mwingine anataka kulivunja kwa jiwe. Hapo hapo unawauliza sasa fikirini trekta. Na mvua ya kwetu ilivyo ya kubahatisha. Na kwanini hakuna aliyemuuliza bibi wa Kigogo kabla ya kununua trekta? Walijibu wenyewe. Kuna mmoja akasema "walidhani bibi hajui kwasababu hajui Kiingereza." Ana miaka minane huyo.

Na kama watoto ni wakubwa kidogo endelea, pale pale Kongwa kuanzia 1964 ndo kulikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na wengine, watu waliokuja kuwa viongozi wa nchi zao waliishi hapa wakichota maji na wenyeji. Mwulize mtoto, ungekuwa kwenu chakula hakitoshi na wageni wamekuja wanakimbia vita, ungefanyaje. Wengine bibi zao walishaulizwa swali hilo kweli kweli.

---

Ticha_Ipagala:

Dada hili la makopo nalianza wiki hii hii maana karanga zinachukua miezi. Sasa nina swali gumu na naomba msinione vibaya. Mambo mazito tunayaelezaje? Ugogo ni njia ya misafara, pembe na watu waliofungwa minyororo walipita hapa. Kuna njaa ya Mtunya, bibi yangu alikuwa anaitaja kwa sauti ya chini. Kwa mtoto wa miaka minane ninaanzia wapi, au nisubiri akue?

---

Mmvumi_Ughaibuni:

Usisubiri, ila usimwage yote. Nilichoona huku ni kwamba mtoto anaweza kubeba jambo zito akiwa na mtu mmoja wa kumshika mkono ndani ya hiyo stori. Kwa Ruby Bridges hawaanzi na chuki, wanaanza na mtoto, begi lake, mwalimu wake aliyekuja kila siku. Chuki inaonekana kupitia dirisha la hiyo stori, inatosha kwa umri ule. Kwa Anne Frank vile vile, wanaonyesha maficho na waliokuwa wanawaletea chakula kwa kujihatarisha, maelezo ya kambi za mauaji yanakuja kwa kipimo.

Mtunya ni 1917 mpaka 1920. Ilitokana na ukame ila pia majeshi ya Mjerumani na Mwingereza wakati wa vita kuu ya kwanza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kwahiyo ukame ulipokuja ghala zilishakuwa tupu. Weka mbele ya watoto kilindo au kikapu chenye mtama, waambie hiki ndo chakula cha familia mpaka mavuno. Anakuja askari wa kwanza anachota, wa pili anachota, baba kapelekwa upagazi hayupo wa kulima. Waache wagawe kilichobaki. Usitaje maiti. Watauliza "walikufa?" na hapo unajibu ukweli kwa kifupi, ndiyo, wengi, na waliobaki ni kwasababu walisaidiana, wengine walihamia kwa ndugu mbali, ndo maana sisi tupo. Halafu wape nafasi waende nyumbani kuuliza bibi na babu. Familia nyingi za Kigogo kuna mtu ana kipande cha hiyo habari.

---

Mdau_Elimu_Dom:

Naunga mkono. Na kuhusu misafara kuna kitu chepesi kuingilia, hongo. Watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza misafara hongo ili ipite na inywe maji, maana bila visima vya Ugogo huvuki. Wagawe watoto, kundi moja msafara lina vitambaa, shanga na nyaya za shaba, kundi jingine lina maji. Wajadiliane bei. Ukimpa mtoto upande wa mtemi anagundua babu zake hawakuwa wanatazama tu misafara ikipita, walikuwa na kauli. Ukishamaliza hapo ndo uliza, na wale waliokuwa wamebeba pembe mabegani, wao walikuwa na kauli gani? Kaa kimya uwasubiri. Wakubwa watafika wenyewe kwenye utumwa, wadogo wataishia kwenye uchovu na kiu na hiyo inatosha kwa mwaka huu. Kitu kimoja tu, usimwigizishe mtoto yeyote kuwa mtumwa, usimfunge kamba hata kwa mchezo. Nimeona shule moja ikifanya hivyo, watoto walicheka na yule aliyefungwa aliitwa mtumwa mpaka muhula ukaisha.

---

Ticha_Ipagala:

Hilo la mwisho naliandika ukutani. Wadau mmenipa zaidi ya nilichotarajia. Mpango wa kwanza, stoo tunaipaka chokaa, tunaanza na meza tatu tu, nafaka, reli na karanga, kila meza na swali lake moja. Darasa la tano watafundishwa wawe wenyeji wa kuwaongoza wadogo. Na kwenye muziki kuna mzazi anapiga zeze na ilimba ameshakubali. Kuna la ziada kabla sijaanza kukusanya vitu kwa wazazi?

---

Stoo_ya_Kale:

Lipo moja tena ni la haraka. Nimefanya kazi kwenye utunzaji wa vitu vya makumbusho. Siku ya kwanza kabla ya kupokea hata kijiko nunua kaunta buku. Kila kitu kipewe namba, andika jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwa aliyekileta, nani kakileta, kilikuwa cha nani, kilitumikaje, na kama amekitoa moja kwa moja au ameazima na anakitaka lini. Asaini. Mweke mtoto wake ndo awe anamuuliza mzazi na kuandika, mwandiko mbaya haijalishi. Namba usiibandike kwa gundi, ifunge kwa uzi kwenye kikaratasi kigumu. Miguu ya meza iweke ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari kidogo maana mchwa wa Ipagala nawajua, na vitu vya ngozi na vibuyu vikague kila wiki kama kuna unga unga chini, ukiona unga kuna dumuzi ndani, kitoe peke yake haraka kabla hajahamia kwenye kingine. Nguo usizianike juani, zitapauka. Na funguo za stoo ziwe kwa watu wawili.